Utepe Mwekundu Kwenye Makangaga

Haya nayasimulia uso ukiwa umeinama, kwa sababu hadi leo nikiona utepe mwekundu, hata ule wa kufungia zawadi, masikio huniwaka moto.

Mnajua kwamba utafiti wangu wa uzamili ulihusu makangaga, mimea ile isiyotoa maua ambayo majani yake machanga hujikunja kama mkia wa kinyonga, na kwamba kando ya kijito kimoja huko Kemambo nilikuwa nimeyapata ya namna mbili: ya mwambani, yenye majani mafupi na magumu, na ya kivulini, yenye majani marefu na laini. Dai langu, na shahada yangu nzima ilining'inia hapo, lilikuwa kwamba hizo ni spishi mbili zilizoachana zamani sana (moja nilikwisha kuichagulia jina, jambo ambalo naomba mlisahau). Msimamizi wangu, profesa mpole asiyeamini kitu mpaka akishike, aliahidi kuja kujionea baada ya masika.

Basi nikawaza namna ya kuyatia alama. Vibati vidogo vingetosha, lakini nikahofia vingezama kwenye majani, nikahofia tena kwamba mbuzi wangevitafuna, mwishowe nikanunua utepe mwekundu dukani Nyamisangura, nikafunga kila kangaga kipande chenye namba, nikarudi chuoni nikijipongeza.

Kumbe Kemambo, jirani na machimbo ya dhahabu, mgeni akifunga utepe wenye namba maana yake ni moja tu, kwamba wathamini wa fidia wako njiani, na mwenye akili hutegesha, yaani hupanda na kujenga upesi kwenye eneo lake kabla hawajafika kuhesabu. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa mimi, niliyekuwa nikitembea nimeinama natazama majani.

Tulipofika na profesa, mwambani hapakuwa na kangaga hata moja, na kivulini palibaki mashimo matupu. Nikampeleka kwa Mama Bhoke, mwenyeji wangu, nikiwa sijui hata nitamwambia nini njiani, na huko tukakuta viti vimepangwa, majirani wamekaa, na mwenyekiti wa kitongoji amevaa koti. Tukatoa shikamoo zetu. Mama Bhoke akatuongoza nyuma ya nyumba, chini ya migomba, mahali ambapo zamani palikuwa na mchicha wake, na pale makangaga yangu yote yalisimama kwa mistari kama mahindi, yamewekewa samadi, kila moja na utepe wake.

"Yapo yote, mura," alisema (ndivyo alivyozoea kuniita, kama aitwavyo kijana wa Kikurya). "Huyu ndiye bwana wa fidia?"

Nikaanza kueleza, na maelezo yangu, kama ilivyo kawaida yangu, yalikuwa na utangulizi. Nilipofika kwenye mageuzi ya mimea ya kale, mwenyekiti aliuliza kwa upole kama basi hakuna atakayelipwa. Nikakiri kwamba hakuna. Jirani mmoja akasema Mama Bhoke amelima majani, wote wakacheka, isipokuwa yeye.

"Ulifunga utepe, mura. Huku utepe haufungwi bure."

Alikuwa ameng'oa mboga ya watoto wake kwa ajili ya utepe wangu.

Wakati huo profesa alikuwa amechuchumaa kati ya mistari akigeuza majani. Aliniita, akataka nimwonyeshe lipi lilitoka mwambani. Nikatazama, nikatazama tena, nikalazimika kusoma namba: majani ya zamani yalikuwa yamekauka, na mapya yote, huku na huku, yalikuwa marefu na laini, na madoa ya spora chini yake hayakutofautiana hata kidogo.

"Wewe uliwahi kuyapanda pamoja?" aliuliza.

"Hapana."

"Mama ameyapanda."

Hivyo ndivyo spishi zangu mbili zilivyogeuka moja mbele ya kitongoji kizima. Profesa aliniambia shahada bado ipo, ila niiandike upya kuanzia kwenye bustani ile.

Kesho yake nilipiga magoti nikapanda mchicha upande wa pili wa migomba, Mama Bhoke akisimama juu yangu na kunirekebisha mistari. Nilimwuliza kama niyang'oe makangaga. Akasema niyaache, yameshazoea, ila utepe nikautupe mbali. Tangu siku hiyo, nikiwa Kemambo, hata kamba ya kiatu siifungi kabla sijamwuliza yeye.