Swali Dogo la Haji Mursidi

Kwa kufuga kambamiti, wataalamu wengine wa pwani ya Lamongan kwa Wigati hawaoni ndani. Waulize hata watu wa Gresik, nao si wepesi wa kusifu jirani. Akichovya kidole bwawani tu, anakwambia jana ulilisha nini na nani alikudanganya dukani.

Miaka kumi na mmoja aliitumikia kampuni ya chakula cha kamba, kisha akaacha akawa mshauri wa kujitegemea. Anakusimamia bwawa tangu vifaranga mpaka mavuno, unamlipa, mnapeana mkono, kwaheri.

Kwaheri gani! Mavuno yakiisha ndipo simu inapopata moto. "Mama Wigati, samahani, swali dogo tu." Picha ya maji. Picha ya mkia wa kamba. Sauti ya dakika saba, nusu yake kikohozi. Na wateja wakimuuliza wampe nini, anajibu kama mama yake alivyomfunda, maana Mjava kutaja bei kwa mtu mzima ni kama kumvua nguo: "Kadiri ya moyo wako."

Basi moyo wa Lamongan ni debe la krupuk, vile vibanzi vya unga na kamba. Nyumba nzima madebe ya krupuk, mpaka chini ya kitanda.

"Mke wangu," mumewe Parno akamtania, "umeme tukalipe na krupuk mbichi au za kukaangwa?"

Mezani palikuwa na barua. Kampuni ilimtaka arudi, jibu litolewe kabla ya Jumatatu. Wigati hakutaka kurudi kumwamkia meneja aliyemzidi tai tu. Lakini asipojifunza kutaja bei, angerudi tu.

Ijumaa wakafanya mazoezi. Parno akavaa kofia, akajifanya Haji Mursidi, mteja wa kwanza kabisa wa Wigati, mwenye mabwawa sita.

"Binti yangu, swali dogo tu."

"Haji, kuanzia sasa maswali ni... ni kadiri ya..."

"Krupuk hizo, zinabisha hodi!" Parno akacheka mpaka kofia ikadondoka.

Jumamosi alfajiri simu ikalia. Safari hii Haji mwenyewe.

"Binti yangu, swali dogo tu. Kamba wamepanda ukingoni, wengi, wanahema juu ya maji. Niwaongeze chakula?"

Wigati alifungua kinywa ataje bei, lakini sikio lilimwahi. Nyuma ya sauti ya Haji magurudumu ya kutia hewa yalikuwa yakichapa maji. Mawili. Na kila bwawa la Haji lina manne!

"Haji, umezima mawili!"

"Nabana umeme kidogo, binti..."

"Washa! Washa yote sasa hivi! Usitie hata punje ya chakula! Kimbia, Haji!"

Simu haikukatika. Kandambili zikasikika, pa-pa-pa, mzee wa miaka sabini anatimua mbio. Gurudumu la tatu likaamka. La nne! Wigati alikuwa amesimama juu ya kitanda bila kujijua, Parno kakumbatia mto.

Dakika zikapita nyingi. Hatimaye Haji akahema: "Wanashuka. Alhamdulillah, wanashuka! Binti yangu, wewe sikio lako lina macho. Nikupe nini?"

Moyo wa Wigati ulidunda kuliko magurudumu yote manne.

"La leo bure, Haji. La kuokoa roho siliuzi. Mengine, laki tano kwa mwezi, uulize mpaka uchoke, asubuhi hadi adhuhuri."

"Laki tano? Si tumezoeana kadiri ya moyo?"

"Kwani Haji, kamba wako huwa unawauza kadiri ya moyo?"

Parno akajifunika mto usoni. Kisha Haji akaangua kicheko mpaka akapaliwa.

"Umenikamata, mtoto wewe! Laki tano ni kilo nane za kamba, na hapa nilikuwa napoteza tani mbili."

Rupia ziliingia kabla chai haijapoa. Na Haji hajui kufunga mdomo: msikitini akajitapa na "mshauri wangu wa mwezi" kama mtu aliyenunua gari jipya. Kufika Jumapili mchana, wenye mabwawa wanne wengine wamelipa, wasionekane wanyonge.

Jioni Wigati akaandika jibu la kampuni: ahsanteni, sirudi. Hajaweka kalamu chini, simu hiyo.

"Binti yangu, mwezi si umeshaanza?"

"Umeanza, Haji."

"Basi nina swali dogo."

"Kesho asubuhi, Haji," Wigati akasema, akavunja krupuk moja mdomoni, ikalia kacha!