Magamba Yasiyotiwa Chumvi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Madamu Domitille ni gamba la samaki lililong'ang'ania kwenye mkono wa koti lake jeupe. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kufundisha katika shule moja ya Rugenge, na yeye alikuwa mwalimu wa kemia. Nilimwonyesha kwa adabu. Akalibandua, akalitia mfukoni kama mtu aliyeokota kifungo chake.

Nyumbani alichemsha magamba ya sangala kwa moto mdogo hadi yatoe gundi safi. Aliikausha, akaituma kwa maabara moja ya ng'ambo. Huko huichanganya na kemikali, kisha mwale wa leza huigandisha nukta kwa nukta mpaka ipatikane roboti ndogo kuliko chembe ya mchanga, ya kubeba dawa ndani ya mwili wa mgonjwa. Ikishafikisha dawa, haina budi kuoza na kutoweka, la sivyo inakuwa ugonjwa mwingine. Majirani walisikia "roboti" wakaelewa viroboto, ikasemwa mtaani kwamba Madamu anafuga viroboto. Hakuwasahihisha.

Mwezi wa tatu maabara iliandika: gundi ina chumvi, maumbo yanapasuka. Wangepokea kifurushi kimoja tu tena. Kikishindwa, wangechukua gundi ya nguruwe kutoka kwingine, na kazi yake nao ingekoma.

Domitille hakuelewa. Aliyaosha magamba mara moja tu, maana samaki wa ziwa letu hana chumvi. Tukateremka hadi bandari ya Kalundu, kwa Mama Claudette, muuza samaki aliyemwekea magamba kila asubuhi.

"Mama Claudette, unatiaka nini mu magamba yangu?"

"Chumvi kidogo, juu isioze mu njia. Nilikuhurumia, Madamu, na hii jua."

"Minye natafuta kitu chenye kitaoza."

Claudette akaweka kisu chini. "Miaka makumi mbili niko napigana na kuoza, na weye uko unakutafuta? Ungeniambia. Ya kuoza tunatupaka bure."

Wanawake wa meza za jirani wakacheka, na Domitille pia. Njiani Domitille akasema kosa ni lake, kwani aliomba magamba bila kueleza ni ya nini. Mtu wa samaki akikupenda, atakutilia chumvi.

Tangu siku hiyo Claudette huleta magamba mabichi mwenyewe, yamefunikwa majani ya mgomba yenye maji. Kifurushi cha pili kilivuka mpaka wa Kavimvira kwenda kupostiwa Bujumbura. Ijumaa iliyopita maabara ilijibu kwamba maumbo yamesimama imara, yametiwa katika maji yenye joto la mwili, na yamepewa siku saba yaoze.

Leo ni ya sita. Kesho mchana watatuma picha iliyopigwa kwa darubini. Claudette amesema atafunga meza mapema aje kuiona. Domitille amemweleza mara mbili kwamba, mambo yakienda vizuri, hakutaonekana kitu.

"Basi nitakuja tuangalie hiyo hakuna kitu," akasema Claudette.