Nilimtuma wa steshenari anisajilie alama yangu, akajisajilia yeye

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mimi mwenyewe hapa Sumbawanga, siongezi chumvi. Bado nina hasira, hivyo mnivumilie.

Mimi nachora kadi, bahasha na karatasi za kufungia zawadi. Chapa yangu inaitwa Suke. Alama yake ni suke la ulezi lenye utepe, nililichora shambani kwa mama kule Mollo nimekalia debe. Ukienda komunio au kipaimara huku, zawadi nyingi utazikuta zimefungwa na karatasi zangu.

Mwaka jana nikaona niisajili trademark kabla mjanja hajaniwahi.

Chekeni tu. Mjanja ndiye niliyempelekea.

Mnajua maisha ya huku. Jambo lolote la mtandaoni, iwe TIN, ajira au mkopo wa chuo, unaenda steshenari jamaa anakujazia. Barua pepe yake, namba ya simu yake, password anaijua yeye. Nikaenda kwa jamaa mmoja mwenye steshenari mtaa wa Chanji, anayeniprintia miaka yote, namwita kaka. Nikamwachia logo kwenye flashi, nikakimbilia oda ya kadi za ubatizo.

Jioni nikafuata risiti. Ina jina lake. Nikajua ni kwa sababu katumia akaunti yake. Nikaikunja nikaweka kwenye pochi, na soda nikamnunulia.

Soda, wakuu!

Juzi kati napita Milanzi, nakuta duka limejaa karatasi za suke langu. Rangi zimepauka, utepe umepinda. Nikamwambia mama muuzaji kwamba anauza kitu cha wizi. Mama wa watu akanitolea nakala ya maombi ya trademark, akasema kwa upole kuwa mwenye chapa ndiye anayemletea.

Jina la mwombaji: kaka yangu wa Chanji.

Nilimfuata hadi steshenari kwake. Hata hakushtuka, aliendelea kutoa fotokopi za watu.

"Dada, ulisema nisajili, nimesajili. Hukusema kwa jina la nani."

Wallahi nilitamani kulia mbele ya wateja. Mtu amekula ubwabwa wa harusi yangu huyu!

Mwanasheria mmoja akaniambia maombi yake yametangazwa tu, alama haijasajiliwa bado, na muda wa pingamizi haujaisha. Ila nilete ushahidi kwamba suke nililitumia kabla yake. Na mafaili yangu ya zamani yote yako wapi? Kwenye kompyuta yake. Mjinga mimi.

Aliyeniokoa ni mama yangu. Alisimama kwenye jumuiya ya kanisa kule Mollo akawaeleza wenzake. Wiki ile ile wakaniletea kadi za komunio za watoto wao, zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya vitabu vya sala. Nyuma suke langu na jina langu, ndani tarehe kwa mwandiko wa wazazi. Nyingine mtoto mwenyewe sasa yuko sekondari.

Pingamizi nimeliwasilisha. Nitashinda au nitashindwa, sijui. Ila safari hii fomu nimejaza kwa mkono wangu, na jamaa wa Chanji hata salamu sina naye.

Nilichojifunza: kaa kwenye kiti wewe, usome jina la mwombaji kabla hajabonyeza kutuma.

Na ninyi mliojaziwa steshenari, msinipe pole kwanza. Nendeni mkaangalie makaratasi yenu leo, halafu mrudi hapa mniambie mmekuta jina la nani.