Jina Lililopigwa Mstari

Asubuhi ya mahafali niliuzunguka uwanja wa chuo mara nne kabla ya kunywa chai. Nilipanga upya viti vilivyokuwa vimepangwa vizuri, nikamkaripia fundi wa vipaza sauti bila sababu, kisha nikarudi ofisini kuangalia orodha ambayo tayari nilikuwa naijua kwa kichwa.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kusoma majina. Nilikuwa mkufunzi wa Kiswahili katika chuo cha ualimu kilichokuwa juu kidogo ya Runyenjes, katikati ya mashamba ya majani chai, na kwa kuwa sauti yangu ilifika mbali, kila mwaka orodha iliwekwa mikononi mwangu. Mwaka huo, simu za mkono zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kuonekana kwetu, jina moja lilikuwa limepigwa mstari mwekundu kwa rula.

Lilikuwa la msichana wa Mbeere, kutoka upande wa Ishiara, kiongozi wa darasa langu. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na alipoandika ubaoni, mistari yake ilinyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Alimaliza mitihani akaenda nyumbani kungoja matokeo. Wiki ya tatu homa ya mapafu ikamchukua. Tulimzika Alhamisi, katika joto lile la kwao, na matokeo yakaja baadaye. Alikuwa amefaulu, tena vizuri.

"Tutasimama dakika moja mwanzoni," mkuu wa chuo aliniambia nilipomwendea na ile orodha. "Lakini jina usilisome. Watu wamekuja kufurahi, Mwalimu. Ukimtaja pale katikati, nani atapiga vigelegele tena?"

"Mama yake amealikwa, bwana."

"Ndiyo maana. Tusimtoneshe kidonda."

Sikubisha. Nilijiambia kwamba maneno yake yalikuwa na huruma, na nilipotoka pale mlangoni nikawa siridhiki na huruma hiyo wala siwezi kusema kwa nini.

Mama alikaa safu ya pili, peke yake, kilemba cha kijani kichwani. Tulisimama dakika moja. Kisha nikaanza kusoma. Kila jina lilipotajwa, watu wa nyumba ile walilipuka kwa vigelegele, na shangazi mmoja akakimbia hadi mbele na taji la maua. Nilipofika kwenye ule mstari mwekundu nilikohoa, nikaliruka. Nilipoinua macho, mama alikuwa ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio. Nilimaliza orodha yote. Bado alikuwa ameinama vilevile.

Wakati wa chakula pilau ilinishinda. Nilisimama karibu na tangi la maji, sahani mkononi, nikiona wahitimu wakipigwa picha. Mama yule ndiye aliyenijia.

"Mwalimu, ni wewe ulikuwa unasoma?"

"Ni mimi, mama."

"Ulisoma yote?"

Ningeweza kumwambia labda hakusikia, kwamba kelele zilikuwa nyingi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo.

"La binti yako sikulisoma," nikasema.

"Kwani hakupita?"

"Alipita, mama. Alipita vizuri sana."

Alitikisa kichwa polepole. "Mlisimama mkanyamaza, nikashukuru. Lakini kunyamaza, hata nyumbani tunanyamaza. Tangu tumzike hakuna mtu anamtaja mbele yangu. Wakiniona nakuja wanageuza maneno. Leo nilitoka Ishiara nikisema, nitasikia mtoto wangu akiitwa na wenzake."

Niliweka sahani chini, nikaenda kuwatafuta wanafunzi wa darasa lake. Wengi walikuwa wameshaondoka na jamaa zao. Nilipata kumi na mmoja, nikawaambia waje darasani kwao, na majoho yao. Hawakuuliza sababu. Mama alikaa kwenye dawati la mbele, nami nikasimama pale ninaposimama siku zote, nikaanza orodha tangu jina la kwanza. Waliokuwepo waliitika. Wasiokuwepo, wenzao waliwaitikia.

Nikafika. Nikalisoma jina lake.

"Sivyo," mama akasema.

Nilimtazama.

"Wewe ni wa Meru, ama?"

"Natoka Nkubu, mama."

"Unalivuta hapo katikati. Kwetu tunalikata." Akalitamka. Lilikuwa jina jingine kabisa, fupi, lenye mdundo.

Miaka miwili nilikuwa nikimwita vibaya kila asubuhi, naye akiitika. "Mbona hakuwahi kunirekebisha?"

"Unajua alikuwa na heshima," mama alisema.

Nilijaribu, nikakosea. Nikajaribu tena. Mara ya tatu ulimi uliniteleza kabisa, wanafunzi wakaangua kicheko, na mama naye akacheka, mkono mdomoni. Mara ya nne nililipata. Msichana aliyekuwa akikaa naye dawati moja ndiye aliyeanza vigelegele, wengine wakadakia. Hapo ndipo mama alipolia. Mkuu wa chuo alifika mlangoni, kofia mkononi, akasimama, akaondoka.

Jumatatu aliniita. Nilikwenda nikiwa nimeshapanga majibu yangu kichwani, mengine ya ukali. Aliuliza tu, "Yule mama alifika nyumbani salama?"

Sikujua. Nilikuwa nimemwacha apande gari peke yake. Aliona nilivyobabaika, akafungua mtoto wa meza, akanipa bahasha. "Cheti kilikuja na vya wenzake. Mpelekee."

Sikutulia wiki nzima. Jumamosi niliteremka hadi Ishiara, bahasha ndani ya shati isiingie vumbi. Nilimkuta shambani, akipalilia ndengu. Alinisalimia kana kwamba nilikuwa nimechelewa kidogo tu, akajifuta mikono kwenye leso, mara mbili, akaipokea bahasha, kisha akakitoa cheti. Hakujua kusoma.

"Nionyeshe ni wapi," akasema.

Nikamwonyesha jina. Aliweka kidole pale, akakitoa haraka, akaangalia kama ameacha alama. Hakuwa ameacha. Akakirudisha ndani ya bahasha, akaniambia nikae kivulini kando ya ghala, uji uko njiani, yeye amalizie ule mstari wa ndengu kabla jua halijakuwa kali.