Matajiri Wamepata Mpinzani Ambaye Mume Wangu Hawezi Kumgusa

Admin, lifunike jina langu vizuri, Malindi ni ndogo na midomo ni mingi.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili. Naishi hapa mjini na mume wangu, na kwetu nilikozaliwa ni Ganda. Sijaja kulia, machozi yameshakwisha. Nimekuja na hasira zangu, na wale wa kuandika "pole dada, mwachie Mungu" nawaomba wapite kimya kimya.

Mume wangu ni shujaa. Msicheke. Anavaa vazi jekundu lenye mikono minane na kinyago usoni, anaitwa Shujaa Pweza. Alianza hotelini kuwaburudisha watoto wa wageni. Anapigana na jambazi, jambazi anaanguka, watoto wanapiga makofi, kisha wote wawili wanaenda kunywa chai jikoni. Ni mchezo tu, kila pigo wamelipanga asubuhi. Lakini mto ulipofurika upande wa Magarini, alivuka na vazi lile lile akiwabeba wazee mgongoni, na tangu hapo watu wanamwita kwa shida za kweli. Ng'ombe akitumbukia shimoni, Pweza aitwe. Mwizi akikimbia sokoni, Pweza yuko wapi? Naye akiitwa haketi, hata kama chakula kiko mezani.

Sasa kuna matajiri wenye majumba yao ufuoni, watu walioshiba mpaka wamekosa la kufanya. Walimwalika apigane uani kwao Jumapili mchana, wakaanza kumchezea kamari. Mwanzo walibashiri jambazi ataanguka upesi au atachelewa. Wakachoka, maana Pweza hashindwi, mchezo umepangwa hivyo. Ndipo wakaanza kumtegea. Jambazi mmoja alilipwa kisirisiri apige kweli, na mume wangu alirudi nyumbani mdomo umejaa damu, ingawa yule mwenzake ndiye aliyebebwa. Kwa jambazi wa pili mambo yakawa vivyo hivyo. Nikamwambia, "Acha, baba watoto, hawa watu wanakuwinda." Akanijibu, "Nikikimbia, watoto watasema Pweza ni mwoga." Mwanamume na ukaidi wake!

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Msimamizi wa nyumba ya mmoja wa matajiri hao ni mtu wa kwetu, Mgiriama kama sisi. Yeye ndiye aliyewafunulia kwamba kwetu mwanamume hamwinulii mkono baba mkwe. Akimpiga, hata ndani ya mchezo, ameivunjia ndoa yake heshima. Wazee watakaa, mbuzi atachinjwa, na pengine mke atarudishwa kwao. Matajiri wakafurahi kama watoto waliopewa peremende. Wakaenda kumtafuta baba yangu.

Baba ni mkata mawe ya kujengea, na mwili anao hata kwa umri wake. Mama aliponidokeza sikuamini, nikaenda Ganda siku hiyo hiyo. Nilimkuta baba anakula. Nikampa shikamoo yake kwa adabu, kisha nikamuuliza. Hakukana.

"Jumapili hii nitaingia kama jambazi, nimevaa kinyago, tushikane kidogo, kisha nitakivua," akasema. "Akiniona uso atashusha mikono. Hapo nitampiga mpaka aanguke. Hao wakubwa wamebashiri hivyo."

"Baba, utampiga mkweo?"

"Mwiko ni wake, si wangu. Mimi ni baba, na baba humpiga mwana."

"Kwani amekukosea nini?"

"Alipokuja kukuposa alikuwa mtu mwenye heshima zake. Leo anavaa chupi juu ya suruali, anaitwa pweza. Wenzangu machimboni wananicheka. Aanguke mara moja, mwanangu, arudi kuwa mtu."

Nikamgeukia mama. Mama akaninong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite." Kombe gani la kufunika hapo? Nilimjibu vibaya, na simwombi msamaha.

Baba akaapa kwamba nikimtobolea mume wangu siri hii, nisikanyage kwake tena, hata siku ya kumzika. Namjua, hatanii. Nikinyamaza, mume wangu atasimama mikono imelegea kwa heshima, apigwe na mtu aliyeshika nyundo maisha yake yote, mbele ya watu wanaocheka na glasi mkononi. Nawachukia hao watu. Namchukia yule msimamizi aliyeuza mwiko wetu kwa wageni, nikikutana naye sokoni hatasahau. Na ninyi mnaokwenda kuchungulia getini kila Jumapili, mkipiga miluzi na kurekodi kwa simu, nanyi mmo. Bila kelele zenu kamari yao isingekuwa na utamu.

Mume wangu hajui lolote. Katika miaka yote hii baba hajawahi kwenda kumtazama hata mara moja, na jambo hilo humuuma, ingawa hulificha kwa utani. Jana nilimkuta anashona mkono mmoja wa vazi uliochanika, anaimba peke yake. Akaniambia, "Mwambie baba aje Jumapili. Nimemwombea kiti cha mbele kabisa. Nataka anione nikishinda, labda ataacha kunionea haya."

Nikamshikia ule mkono wa vazi amalizie kushona.

"Atakuja," nikamwambia.

Jumapili ni kesho kutwa. Nishaurini jamani, nifanye nini?