Anayegonga Ardhi Iliyofunika Kwao

Mwanamke mwembamba anasimama katikati ya uwanda wa majivu, nyundo nzito begani, akisubiri upepo utulie. Miguuni pake kuna bamba la chuma. Kulia na kushoto vinasa mtetemo vimechomekwa ardhini kwa mstari, na kebo ndefu inaviunganisha na kompyuta ya mhandisi.

"Jamani, tulieni," anasema.

Kila mtu anaganda alipo. Hata kukohoa ni mwiko, kwa sababu vinasa hivyo husikia mpaka nyayo za kuku. Nyundo inashuka, bamba linalia, na mistari inaruka kwenye skrini.

Kazini wanamwita Mama Nyundo. Anagonga ili mtetemo ushuke chini na kurudi na habari. Kwenye majivu malegevu mtetemo hujikokota, kama mita mia mbili kwa sekunde. Ukikuta lava ya zamani iliyopoa na kuwa mwamba, hukimbia hata mara kumi zaidi. Kwa kupima muda huo, mhandisi hujua wapi pana msingi imara, na wapi ni unga mtupu unaoweza kuporomoka na nyumba zake siku ardhi ikitikisika.

Miaka sita iliyopita kijiji kizima kilikuwa hapa. Mlima ulipolipuka watu walikimbia wakapona, lakini majivu yalifunika nyumba hadi juu ya mapaa. Sasa vipimo hivi ndivyo vitakavyoamua nani atarudi kujenga, na wapi.

Tangu hapo Mama Nyundo, mzaliwa wa kijiji hicho, anaishi mjini na mama yake mzazi, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Kila asubuhi bibi huyo hufagia korido ya saruji, kisha huinama kuitazama na kuguna. Kijijini ufagio ulikuwa ukiacha mistari kwenye udongo wa uani. Saruji haishiki alama.

"Mama hanisumbui kuhusu nyumba," anasema Mama Nyundo. "Anatamani udongo wa kufagia, basi."

Wiki iliyopita mstari wa vipimo ulifika kwao. Alipatambua kwa ncha ya nguzo ya umeme iliyochomoza majivuni, ile iliyokuwa nyuma ya jiko lao. Akainua nyundo, akaishusha, na skrini ikaonyesha mistari hafifu. Mhandisi, kijana mpenda utani, alikagua kebo akaona haina tatizo, akamwomba arudie. Ikawa vilevile.

"Dada, unagonga ardhi au unabisha hodi?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hapo chini ni kwetu," akamjibu. "Mkono umekataa."

Safari hii walitulia bila kuambiwa. Mhandisi akaomba radhi, akanyoosha mkono apokee nyundo. Mama Nyundo hakuiachia.

"Nikigonga kwa huruma, kompyuta yako itadanganywa. Mama yangu atajengewa juu ya unga."

Akagonga kwa nguvu zake zote. Mistari ikatoka safi, na habari yake haikuwa njema: majivu malegevu yaliendelea mbali chini ya nyumba yao. Lakini walipovuta kebo kupandisha mteremko, palipokuwa na banda lao la mbuzi na ambako mvua zimeshasomba majivu, mtetemo ulikimbia. Ulimi wa lava ya kale ulikuwa umelala karibu na uso wa ardhi. Mhandisi alimtahadharisha asishangilie mapema. Patachorongwa shimo kwanza ili mwamba wenyewe uonekane, kisha patapimwa tena baada ya mvua, maana majivu yakilowa hubadilika.

Jioni hiyo mama yake aliuliza swali lake la kila siku, wanasemaje. Mama Nyundo alikaa kitandani, akavua viatu vilivyojaa majivu, akamweleza yote bila kuficha. Pale kwao hapajengeki. Kwenye banda la mbuzi, huenda.

Bibi aliokota vile viatu, akavikung'uta mlangoni.

"Kumbe mbuzi walituzidi akili," akasema.

Mama Nyundo ameshaomba kuwa yeye ndiye atakayegonga wakirudi baada ya mvua. Pakikubali, anapanga kuanza na chumba kimoja na uwazi mkubwa mbele yake. Wazo la uwazi huo lilitoka kwa mama yake, usiku uleule kabla hawajazima taa.

"Mwanangu, juu ya huo mwamba kuna udongo wowote?"

"Upo, mama. Mwembamba tu, kama kina cha kiganja."

"Huo unatosha ufagio."