Anaeli wa Machame na Mkuki wa Vipande Vitatu

Anaeli aliuza mabeseni na ndoo za plastiki kwa jumla, maduka mawili kutoka langu, hapa Kariakoo. Mimi nauza nyavu, mishipi, ndoana na vifaa vya kuzamia, kazi niliyoirithi kwa baba yangu. Yeye alikuwa mtu wa Machame, na mpaka anapita miaka arobaini hakujua kuogelea. Alijifunzia Kilwa Masoko, katika safari zake za kwenda kusini kutafuta wateja. Mvuvi mmoja alimvalisha miwani ya kuzamia, akamwambia atazame chini. Aliporudi Dar alikuja moja kwa moja dukani kwangu, begi bado liko begani.

"Hashil, kumbe kule chini kuna mji!" akaniambia. "Nataka mkuki."

Wa kwanza hakununua kwangu. Alipata mrefu wa kipande kimoja mahali pengine, akaenda nao stendi, kondakta akausukumia kwenye buti chini ya magunia ya mchele. Ulifika Lindi umepinda kama mundu. Akarudi kwangu amenuna.

"Wewe msafiri, bwana," nikamwambia. "Chukua unaofunguka."

Nikamwekea mitatu juu ya kaunta. Wa alumini ulikuwa mwepesi, lakini mchanga ukiingia kwenye maungio unakwama, huufungui tena. Wa kaboni ulipendeza machoni, ila ukikanyagwa ndani ya basi unapata ufa usioonekana, na siku ya siku unakupasukia mkononi. Wa faiba ulikuwa mzito kidogo, lakini ukiupinda unarudi. Ulifunguka vipande vitatu, na vyote viliingia kwenye begi la nguo. Akachagua huo. Kichwani nikamfungia meno matatu, maana samaki wa kwenye matumbawe ni wadogo, ncha moja huwakosa.

Kisha nikamfundisha kuutumia. Nyuma ya mkuki kuna mpira wenye kitanzi. Unakivalisha kitanzi kwenye dole gumba, unatelezesha mkono kwenda mbele huku mpira ukivutika, halafu unaukamata mti wa mkuki kwa nguvu. Ukilegeza vidole tu, unaruka.

"Nguvu yake yote iko kwenye kiganja chako," nikamwambia. "Usiuvute nchi kavu. Usiingie majini peke yako. Na kila unakofika, waulize kwanza watu wa uvuvi kama inaruhusiwa."

Wallahi, aliyashika yote. Akirudi safari nilikuwa namwona anasuuza vipande vyake kwa maji ya bomba ndani ya beseni la kuuza, anavifuta, anapaka mafuta kidogo kwenye maungio. Wateja walimsubiri amalize.

Mkewe, Winifrida, hakuitaka bahari hata kidogo. "Shemeji, Mchaga na bahari wapi na wapi?" alikuwa akiniambia. "Sisi maji tunayoyajua ni ya mfereji wa kumwagilia migomba." Anaeli alimwomba waende wote kusini, japo mara moja. Kila mwaka jibu lilikuwa mwakani.

Asubuhi moja Anaeli alishindwa kufungua duka. Nilimkuta ameegemea mlango, funguo ziko chini, mdomo umekwenda upande, ananitazama kama anayetaka kuniomba radhi. Tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Kilikuwa kiharusi. Baada ya miezi mingi ya mazoezi alitembea kwa fimbo, na maneno yakamrudia, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala mapajani kama mali ya mtu mwingine.

Siku aliyoweza kufika Kariakoo tena, alikuja kwangu akishikwa na Winifrida, vipande vya mkuki viko kwenye begi. "Nipe mpira mlaini kuliko yote ulionao," akasema.

Nikaunga mkuki wake bila meno, nikaufunga mpira huo. Kwa mkono mzima akakivalisha kitanzi kwenye dole gumba la kulia, nikamsaidia kukunja vidole kuzunguka mti. Hata kabla mpira haujavutika, vidole vikafunguka vyenyewe. Akajaribu tena. Winifrida akageuka kutazama barabarani.

"Tumia wa kushoto," nikasema.

"Wa kushoto utashika mkuki. Wa kuogelea utatoka wapi?"

Winifrida akageuka. "Mimi nitakushika. Kuogelea sijui, lakini kusimama najua."

Daktari alikubali, mradi asipige mbizi. Tukaenda Kilwa sisi watatu, tukachagua mahali ambapo maji yalifika kifuani na yalikuwa yametulia. Nilimshika kiuno, Winifrida akamshika bega bovu, naye akalala kifudifudi na miwani yake. Akafyatua kwa kushoto, mkuki ukaenda kombo. Nikamletea, akafyatua tena. Samaki hawakuhangaika hata kukimbia, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwishowe akainua kichwa, maji yanamchuruzika. "Basi. Wini, vaa miwani."

"Mimi?"

"Vaa tu, mama. Tazama chini."

Mkanda wa miwani ulimnasa kwenye kilemba, nikamsaidia kuulegeza. Akatia uso majini, akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akainuka, akaivua miwani.

"Wamejaa," akasema. "Wana rangi kama vitenge."

"Si ndiyo nilikuwa nakwambia?"

"Kumbe miaka yote hii ulikuwa unayaona haya peke yako?"

Anaeli akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo unampinda, na sisi tumemshika katikati. Nikaendelea kumshika.

Hakwenda tena kusini. Kiharusi cha pili kilimkuta nyumbani kwake Magomeni, siku chache kabla ya Pasaka, na hicho hakikumpa nafasi.

Nilisafiri na msiba hadi Machame. Kulikuwa na baridi, na kaburi lilichimbwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwao, kati ya migomba. Baada ya mazishi mzee wa ukoo aliniomba niseme neno, kama jirani wa Dar. Nikawaambia jinsi Anaeli alivyoipenda bahari, jinsi alivyokuwa akizamia Kilwa na Lindi na kuibuka na samaki. Watu wakacheka kwa upole, kama wanaomsitiri mgeni aliyekosea.

"Anaeli wetu?" akauliza dada yake, Celina. "Huyu aliyekuwa anaogopa hata mto? Utakuwa unamchanganya na mwingine, baba."

Katika umati ule, ndugu na majirani wa utotoni, hakuna aliyejua mahali ambapo mtu wao alikuwa na furaha.

Winifrida alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, macho makavu. Hakuwa amelia tangu alfajiri. Akasimama.

"Ni kweli," akasema. "Alinipeleka. Nimeona kwa macho yangu."

Akakaa chini, akajifunika kanga usoni, na hapo ndipo alipolia.